Mkwe Aliyeruka Treni

Asubuhi moja ya baridi, mzee mmoja aliruka kutoka kwenye treni iliyokuwa ikitembea kwa sababu mke wa mwanawe alikuwa amempigia magoti na kumwamkia. Hakutukanwa, hakuombwa kitu. Aliamkiwa tu. Akajifunika uso kwa kofia, akapita katikati ya vikapu mpaka mlangoni, na treni ilipokuwa ikijikongoja kupanda mlima, akaruka. Tulimwona akianguka kwenye shamba la viazi, akainuka, akakung'uta suruali, akaanza kutembea kuelekea mjini bila kugeuza shingo.

Mimi nilikuwa nimekaa benchi la pili kutoka pale. Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi, na watu hucheka mahali ambapo mwenyewe sicheki, kwa hiyo afadhali nianze mwanzo.

Kuna misimu kadhaa ambayo Mbeya ilikuwa na treni ya watu wa kwenda kazini. Haikuwa treni ya kujivunia. Lilikuwa behewa moja la abiria, kuukuu, nyuma yake mabehewa ya mizigo. Ilianzia mashariki, Chimala na Igurusi, kwenye joto la mpunga, ikapanda hadi kwetu kwenye ukungu, ikamaliza safari Iyunga. Jioni ilirudi ilikotoka. Abiria wa mabondeni walipanda na mashati mepesi. Kila kituo walivaa kitu kimoja zaidi: hapa sweta, pale skafu, na walipofika kwetu wanawake walikuwa wamejitanda vitenge mpaka masikioni. Jioni walivua kwa mpangilio uleule, na kama ulikuwa umesinzia ungeweza kujua umefika wapi kwa kutazama jirani yako amebaki na nini mwilini.

Ndani kila mtu alikuwa na mahali pake, ingawa hakuna aliyewahi kupapanga. Mchele ulikaa mbele kwa sababu wapakiaji wake walikuwa na haraka. Ndizi na maboga yalikaa katikati. Viazi, kabichi na karoti, ambazo zilipandia kwetu, zilikaa nyuma. Sisi wenye kazi za mjini, tusio na mzigo, tulijipenyeza palipobaki nafasi. Asubuhi behewa lilinuka ndizi mbivu, udongo mbichi na makoti yaliyokaushwa juu ya moshi wa jikoni. Mpaka leo nikipita sokoni nikakutana na harufu hizo tatu kwa pamoja, miguu yangu hutafuta mtikisiko.

Mimi nilikuwa nauza dawa katika duka dogo Mwanjelwa. Mzee aliyeruka alikuwa fundi wa vitanda, mwenye karakana yake mtaa wa Soweto, mjini. Alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe aliyehamia kwetu akiwa kijana, muumini wa kanisani asiyekosa ibada, mtu wa maneno machache. Alikaa mbele, karibu na mlango, na msumeno wake uliofungwa kwenye gunia ameuegemeza ukutani. Mwanawe alikuwa Mafinga, kwenye misitu ya mbao, na huko ndiko alikomwoa binti wa Kihehe kutoka milima ya juu ya Iringa. Akamleta nyumbani kwa wazazi, yeye akarudi kwenye mbao zake. Alikuwa akija mara moja kwa mwezi.

Binti huyo alipopata kazi ya kushona sare za shule Mwanjelwa, tukawa tunatembea wote kwenda stesheni. Wiki yake ya kwanza baba mkwe alikuwa Tukuyu msibani, kwa hiyo hawakukutana kwenye treni. Katika wiki hiyo ndipo aliponiuliza, tukiwa tunaruka madimbwi:

"Dada, hivi mimi nina kasoro gani?"

"Kasoro ya nini?"

"Baba mkwe. Nikitoka jikoni, anaingia ndani. Nikitokea njiani, anajitupa kwenye mahindi kama ameona chui. Tangu niolewe, shikamoo yangu haijapata kuitikiwa hata siku moja."

"Mumeo anasemaje?"

"Anasema wazee ndivyo walivyo, nitazoea. Nitazoeaje kutoitikiwa? Kwetu mtu asipokuitikia salamu amekutoa kwenye watu."

Mimi ni Mbena. Nilikuwa nimesikia kwamba Wanyakyusa wana mwiko kati ya mke na baba wa mume, lakini nilidhani ni mambo ya mabibi, yalikwisha zamani. Nikamwambia amwulize mama mkwe. Akasema anaona aibu. Angeonekana anamshtaki mzee kwa mkewe. Badala yake alimpigia simu mama yake Iringa, na mama akampa ushauri ambao mama yeyote wa Kihehe angeutoa: mfuate mkubwa alipo, piga magoti, tulia hapohapo mpaka akuitikie.

"Nyumbani anakimbilia chumbani," akaniambia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuamua. "Kwenye treni atakimbilia wapi?"

Mzee aliporudi kutoka Tukuyu, alipanda kama kawaida kwa mlango wa mbele. Treni ilipoondoka, binti akajipangusa mikono kwenye kitenge, akapita juu ya viazi na maboga, akafika mbele ya mzee, akapiga magoti yote mawili juu ya mbao zenye matope.

"Kamwene, baba," akasema, kwa salamu ya kwao Uheheni. Halafu, ili pasiwe na shaka: "Shikamoo."

Yaliyofuata nimekwisha kuyaeleza.

Binti alikuwa bado yuko chini, anatazama benchi lililo wazi. Wa kwanza kupata sauti alikuwa mama wa ndizi, mwanamke mnene wa Kinyakyusa aliyekaa katikati ya behewa na aliyejua habari za vituo vyote.

"Mungu wangu! We mtoto, umemfanya nini baba wa watu?"

"Nimemwamkia tu, mama."

"Ndiyo umemmaliza!"

"Mimi wakwe zangu wote wananiamkia," akasema muuza mchele mmoja, Msangu, ambaye alilima Madibira na kuuza kokote kulikokuwa na mnunuzi. "Hakuna hata mmoja aliyewahi kunirusha dirishani."

"Wewe nani akuheshimu? Unanuka pumba tangu Igurusi," akamjibu mama wa ndizi.

Behewa likacheka, na binti akaanza kulia. Mama wa ndizi akamwinua, akamkalisha juu ya gunia, akamweleza kwa sauti ambayo sote tuliisikia. Kwamba kwa Wanyakyusa wanaoshika ya zamani, mke na baba wa mumewe hawatazamani. Hawakai chumba kimoja, hawapishani njiani. Akimwona, mwanamke ndiye hujificha, na mwanamume mwenye adabu humsaidia kwa kupotea kabla. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, na kadiri mkwe anavyopendwa ndivyo anavyokwepwa kwa bidii.

"Kwa hiyo hanichukii?" akauliza binti.

"Akuchukie? Mwanangu, anayekuchukia hukaa akakutazama. Huyu amekuheshimu mpaka ameingia kwenye viazi vya watu."

Mkaguzi wa tiketi akafika akihema. "Nani ameruka?"

"Mzee fundi."

"Hakuwa na tiketi?"

"Alikuwa nayo."

"Sasa amerukia nini?"

"Mkwewe yumo."

"Aah," akasema mkaguzi, ambaye naye kwao kulikuwa milima hiyohiyo ya Rungwe, akaendelea na kazi yake. Kwake jambo lilikuwa limekwisha kueleweka.

Jioni hiyo kulikuwa na kikao nyumbani kwao. Nilikisikia kesho yake kutoka pande zote mbili. Mzee, akiwa chumbani, alisema yeye ataacha treni, atakwenda kazini kwa baiskeli, ili yule mwenye cherehani asikatishwe kazi. Binti, akiwa jikoni, alisema yeye ndiye ataacha, kwa sababu mzee ana goti bovu. Mama mkwe alikuwa akitembea kati ya vyumba viwili akibeba maneno, na kila alipofika upande mmoja alikuta upande huo umekubali kupoteza kabla haujaulizwa. Mwisho akachoka. "Kesho hapandi mtu," akasema.

Ni mama wa ndizi aliyemfuata mama mkwe. Alishuka kwenye kituo chetu siku iliyofuata, ndizi zake akatuachia sisi tumuuzie, akaenda mpaka pale nyumbani. Tulichojua baadaye ni kwamba alisema hivi: "Dada, behewa lina milango miwili. Wachina waliotujengea reli hii, walipoweka milango miwili unadhani walikuwa wanawaza nini?"

Na hivyo ndivyo treni yetu ilivyopata desturi yake. Mzee alipanda mbele, wa kwanza. Binti alisubiri nyuma ya ukuta wa stesheni mpaka filimbi ilipolia, ndipo akapanda kwa mlango wa nyuma. Katikati, juu ya maboga, mama wa ndizi alitundika kitenge kutoka ukuta hadi ukuta. Mzee alipotaka kusimama, mtu wa mbele alisema, "Mzee anainuka," na binti alijifunika kichwa kana kwamba kitenge kimoja hakitoshi. Binti alipotaka kupita, mtu wa nyuma alisema, "Njia," na mzee akageukia dirishani, akaanza kutazama milima kwa makini kama mtu anayeinunua.

Tulikuwa Wasafwa, Wasangu, Wabena, Wakinga, na wengi wetu mwiko ule haukutuhusu kabisa. Lakini tuliulinda kuliko wenyewe. Siku moja kijana wa mjini, mwenye viatu vyeupe, alifunua kitenge ili apite. Wanawake wanne walimpigia kelele kwa lugha nne. "Kwani huko nyuma kuna nini?" akauliza. Muuza mchele akamjibu, "Kuna mkwe wa behewa."

Basi wakaanza kuongea, kama ile inaweza kuitwa kuongea. Mzee hakuwahi kumtaja. Angesema, akitazama dari, "Huko nyuma nasikia kuna benchi limevunjika ubao. Mtu anakaa kwenye chuma?" Na sisi tungejibu kwamba ndiyo, kuna mtu anakaa kwenye chuma. Asubuhi moja akaja na ubao wa mninga alioupiga randa mpaka unateleza, pamoja na skrubu na bisibisi, akampa muuza mchele aende akaufunge. Likawa benchi zuri kuliko yote ndani ya lile behewa, na hakuna mtu mwingine aliyethubutu kulikalia hata siku binti alipokuwa mgonjwa.

Binti naye akamshonea koti. Vipimo vilichukuliwa na mama wa ndizi, kwa kamba, mzee akiwa amesinzia, huku sote tumeziba midomo. Mkono wa kushoto ulitoka mrefu kidogo, maana alikuwa ameinamia upande huo. Mzee alilivaa siku hiyohiyo na hakulivua msimu mzima. Tulipofika Iyunga alisimama mlangoni, akasema kwa sauti, bila kumlenga mtu: "Mwambieni aliyeshona, baridi imenitafuta leo haijanipata."

Binti, nyuma ya kitenge, alinishika mkono akaubana. "Kasema nini? Rudia." Alikuwa amesikia kila neno.

Lakini salamu yake ilikuwa bado haijaitikiwa. Alinikumbusha jambo hilo mara kwa mara, bila uchungu sasa, kama mtu anayetaja mvua iliyochelewa. Ubao alikuwa amepata na shukrani ya koti alikuwa ameisikia. "Marahaba" yake ndiyo hakuwa nayo. Mama yake Iringa alikuwa akipiga simu kuuliza, "Ameitikia?" na binti alikuwa akijibu, "Bado, mama, lakini tunaendelea vizuri," jibu ambalo mama yake hakulielewa hata kidogo.

Binti alipojifungua alikaa nyumbani kwa miezi, kisha akarudi kazini na mtoto mgongoni. Mwiko haukumfunga mtoto. Mjukuu ni wa babu. Kwa hiyo treni ilipoondoka, mtoto alifunguliwa mgongoni, akapitishwa kutoka mikono hadi mikono, juu ya karoti, juu ya kabichi, chini ya kitenge, juu ya ndizi na mchele, mpaka kwenye magoti ya mzee. Akilia, alirudishwa kwa njia hiyohiyo. Nimembeba mtoto yule mara nyingi kwa safari ya benchi moja tu. Wote tulimbeba. Kuna watu wazima leo kwenye vituo vile ambao hawakupata kujua jina lake, lakini walijua uzito wake kila mwezi ulivyoongezeka.

Ni mama wa ndizi tena aliyebuni lile la salamu. Mtoto alipofika mbele, aliita, "Mzee, mtoto anaamkia!" Na mzee, akimtazama mtoto usoni, akaitikia kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika kwa mtu aliyempakata: "Marahaba. Marahaba sana. Mmeamkaje huko?"

Nilimtazama binti. Alikuwa ameacha kushona kifungo alichokuwa anakishona, sindano iko hewani.

"Hiyo ni ya mtoto," akasema baadaye, tukiwa tunashuka. "Nimeisikia, nimefurahi. Lakini ni ya mtoto."

Sikumbuki siku ya mwisho ya treni kwa sababu haikutangazwa kuwa ya mwisho. Jioni tulishuka kama kawaida, mtu akasema "Kesho", mwingine akaitika. Kesho yake tulisimama stesheni mpaka ukungu ukaondoka, tukiwa na viazi vyetu, na mzee upande wake wa ukuta na binti upande wake. Tulifanya hivyo siku kadhaa. Kisha tukasikia kwamba lile behewa limepelekwa kwingine, na kwamba barabara ya lami sasa inatosha. Kweli inatosha. Watu wanafika mjini mapema kuliko zamani. Ila kila mmoja alianza kwenda kwa saa yake na gari lake, na wale tuliokuwa tukijuana kwa kikohozi tukaanza kukutana kwenye misiba tu.

Mimi nikahamia Iringa. Nina duka langu la dawa Kihesa, na mteja wangu mmoja ni mama mzazi wa yule binti, ambaye huja kuchukua dawa ya presha na hukaa kwenye kiti changu kupumzika. Hajaacha kuuliza. "Wewe ulikuwepo," huniambia. "Hivi yule mzee ana moyo gani?" Nimemweleza habari ya koti, ya ubao, ya mtoto. Husikiliza mpaka mwisho, halafu husema, "Sawa. Lakini hajaitikia."

Mwaka huu nilikwenda Mbeya kuwaona. Mama mkwe amefariki, na aliyekuwa akibeba maneno kati ya vyumba viwili hayupo tena. Mzee sasa anaishi kwa mwanawe huko Uyole. Mikono inatetemeka, msumeno ameuacha. Mwanawe bado yuko kwenye mbao siku nyingi kuliko anazokuwa nyumbani. Binti, ambaye sasa ni mwanamke wa makamo mwenye cherehani zake mwenyewe na wasichana wawili anaowafundisha, ndiye anayempikia, anayemfulia, anayelipia matibabu yake. Chakula hupelekwa na watoto. Watoto wakiwa shuleni, anaweka sahani kizingitini, anabisha, anaondoka. Anasikiliza kutoka uani mpaka asikie mlango umefunguliwa.

"Siku akianguka humo ndani," aliniambia, "nitaingia au nitaita jirani? Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mchungaji anasema niingie, Mungu haoni vibaya. Najua Mungu haoni vibaya. Lakini yeye je?"

Nikaenda kukaa na mzee. Alinitambua kwa sauti. Tukazungumza habari za mbao, za magoti, za wale waliokufa. Kisha akaniambia jambo ambalo, kwa jinsi alivyolisema, nilijua alikuwa ameliweka tayari siku nyingi. Ameagiza ng'ombe. Anataka achinjwe, watu wale nyama, na baada ya hapo yeye na mke wa mwanawe wasalimiane mbele za watu kama baba na mtoto. Anataka wawepo wale wa treni.

"Kwa nini wa treni, mzee?"

"Ndio walioulinda mwiko," akasema. "Nikiufungua bila wao nitakuwa nimewadharau."

Niliwatafuta. Mama wa ndizi yuko Kyela kwa binti yake, amezeeka, lakini aliposikia alipiga vigelegele kwenye simu mpaka nikaitoa sikioni. "Nitakuja hata kwa kubebwa!" Muuza mchele alisema atakuja na gunia. Mkaguzi wa tiketi amestaafu, na amekubali.

Waliobaki ni ndugu za mzee walioko Rungwe. Bila wao hawezi kufanya, maana mwiko si wake peke yake, ni wa ukoo. Wamegawanyika. Wadogo wanasema mambo haya yameshapitwa na wakati, asisumbue ng'ombe, amsalimie mkwewe akapumzike. Kaka yake mkubwa, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho, anasema hajawahi kusikia ng'ombe wa namna hiyo. Kuna ng'ombe wa mambo mengine, lakini wa jambo hili hakuna, na mtu hawezi kumbuni kwa sababu tu amezeeka.

Nilimwuliza yule mwanamke kama amejulishwa. Alikuwa anapima kitambaa cha sare, pini zimejaa mdomoni, akazitoa moja moja kabla ya kujibu.

"Nimemwona ng'ombe," akasema. "Ninamkatia majani mimi. Hakuna aliyeniambia ni wa nini, na mimi sijauliza."

Niliporudi Iringa, mama yake alikuwa ameshafika dukani, amekaa kwenye kiti. Nikamwambia hali ilivyo. Kaka mkubwa ameombwa aje Uyole aseme neno lake mbele ya wote. Amesema atafikiria baada ya mavuno ya kahawa. Mavuno yamekwisha, na bado hajasema kama anakuja.